Programu za simu zipimwe hata pale rezo inapokatika

Salamabila, mji wa dhahabu katika teritwari ya Kabambare, kubeba noti mfukoni ni hatari. Njia za kusini mwa Maniema zimeshuhudia mashambulizi ya watu wenye silaha kwa miaka mingi, na machimbo ya Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019, yameonja vita hivyo. Kutuma pesa kwa simu ni afadhali. Lakini rezo ikikatika katikati ya kutuma, pesa imekwenda au imebaki?

Jibu liko katika mistari michache ya programu, ile inayoieleza simu ifanye nini jibu lisiporudi. Kama fundi hakuipima mistari hiyo, mtu wa kwanza kuipima ni mkaaji mwenyewe, tena kwa franga zake.

Njia ya kuzuia hilo ipo. Fundi anapobadilisha programu, hata neno moja, mtambo huijenga upya papo hapo na kuipitisha kwenye majaribio yote. Kifaa kingine, kama JaCoCo kwa programu za Android, huonyesha mistari ipi iliguswa na majaribio na ipi haikuguswa, kisha hutoa asilimia. Asilimia ikishuka, badiliko linaweza kukataliwa mpaka majaribio yaongezwe. JaCoCo ni ya bure, kwa hiyo bei si kisingizio. Kinachogharimu ni muda wa mafundi, na huo ndio wakubwa wa miradi hupenda kuukata.

Ila asilimia nayo inahitaji kuulizwa. Programu iliyopimwa kwa asilimia 85 itasifiwa Kinshasa. Hizo 15 zilizobaki ni nini? Mara nyingi ni mambo yaliyo magumu kuigiza katika ofisi yenye intaneti nzuri: rezo inayopotea, bateri inayokwisha, simu ya bei ndogo iliyojaa, ujumbe uleule unaofika mara mbili. Fundi huyaita matukio ya nadra. Salamabila ni mambo ya kila juma.

Katika afya hatari ni ileile. Congo hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Programu yake ya Android inaweza kujazwa bila rezo na kutuma data baadaye, na mistari yake iko wazi kwa anayetaka kuikagua. Si kila programu inayoletwa na mradi ina uwazi huo. Sehemu ya kutuma baadaye ikirudia bila kujua, watoto waliochanjwa wanaongezeka kwenye takwimu tu. Ikipoteza data, hesabu ya dozi inapungua na mama anaambiwa arudi siku nyingine.

Tena mstari kuguswa na jaribio si sawa na kuwa salama. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja ya kampuni ya Marekani, CrowdStrike, iliangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8,5 na kusimamisha ndege. Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulionyesha kwamba programu ilitazamia vitu 21 lakini ikapewa 20. Majaribio yalikuwepo, ila kile cha 21 kiliwekewa alama inayokubali chochote, basi kosa likapita.

Wizara ya Afya na wafadhili waandike katika kandarasi kwamba kila toleo lije na ripoti ya majaribio pamoja na orodha ya sehemu ambazo hazikupimwa, na kwamba jaribio la kukatika kwa rezo ni la lazima. Banki Kuu ya Congo, inayotoa ruhusa kwa kampuni za pesa za simu, inaweza kudai hivyohivyo. Toleo lisilo na ripoti hiyo lisiwekwe kwenye simu ya muuguzi wa Kabambare.