Yadi Kabla ya Reli

Wako wanaonicheka kwa kuunda reli ya mfano mezani, hapa Sumbawanga ambako garimoshi halijawahi kufika. Wanaonikera zaidi ni wale wanaosifu kwanza, kisha wakanishauri: "Weka duara, Mzee, treni izunguke, watoto wafurahi." Nakataa. Duara halibebi mahindi.

Nilichochora mwanzo ni yadi ya mizigo. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, behewa la mita 13 huwa sentimita 15. Mabehewa kumi yanataka njia ya mita moja na nusu, mbali na nafasi ya injini. Tena lazima pawe na njia ya pembeni ya kuyavutia, ndefu vilevile, ili kuyapanga kusizibe njia kuu. Ukiikata upate mahali pa vijumba na miti ya kuchezea, umekwisha.

Na kwetu pana shida ya ziada. Reli ya Mpanda ina upana wa milimita 1,000; TAZARA, ipitayo Tunduma, 1,067. Tofauti haizidi vidole vinne, lakini behewa halivuki. Kidatu ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia shehena, mwaka 1998.

Walevi wa ramani huchora mstari mmoja, Mpanda hadi Tunduma kupitia Ufipa, wakapiga makofi. Magunia yatahamishiwa wapi? Yatalala chini ya paa gani mvua za Novemba zikianza? Mezani pangu paa lipo, katikati ya njia mbili, na jukwaa lake lina kimo cha sakafu ya behewa. Mti sijapanda hata mmoja.