Futi Mia

Wapo wanaodai kwamba kumfundisha kijana sinema kwa kamera ya filamu ni kutupa fedha, maadamu simu inatosha. Nawapinga. Mwaka 1994 nilikabidhiwa Bolex, kamera inayotiwa ufunguo kama saa, na futi 100 za filamu ya milimita 16: hazifiki hata dakika 3. Nilimvusha binamu yangu barabara mara kumi na moja, mazoezi matupu, kabla sijabonyeza. (Filamu yenyewe iliungua, nilifungua kamera juani. Nililia.)

Siku hizi vijana huniletea saa sita za picha za simu. Nawauliza, mlikusudia kuonyesha nini? “Tutaona wakati wa kuhariri, mzee.”