Gofu Haianzi Klabu, Inaanzia Uani

Kila nikiposti video nikipiga chipu hapa uani Likoni, lazima atokee mtu aniambie: "Gofu ni ya matajiri, wewe unajishaua tu." Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Ndiyo, gofu ina pesa. Klabu ya Mombasa iko tangu 1911, unavuka feri tu umefika, na bado wengi wetu hatujawahi kuingia getini. Watu wa Kisauni nao wana uwanja wa Nyali hapo jirani, hali ni ile ile. Hilo silikatai. Ninalokataa ni kusema eti bila uanachama hakuna la kufanya.

Chipu (si chipsi, jamani) ni lile pigo fupi karibu na shimo: mpira unaruka kidogo, unadondoka, unabiringika. Hata mapro hukosa grini mara kadhaa kwenye mashimo 18, na chipu ndiyo huwaokoa. Sasa hiyo inataka uwanja wa ekari ngapi? Unahitaji fimbo moja ya mtumba, mkeka kuukuu na leso iliyokunjwa hatua tatu mbele yako. Lenga mpira udondoke kwenye leso. Uzito uwe mguu wa mbele, mikono itangulie kichwa cha fimbo, viganja vitulie. Kama nyumba zimebanana, tumia mipira ya sponji, usije ukalipa dirisha la watu.

Halafu kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi wanachemka. Simama nyuma ya mpira, chagua pa kuudondoshea. Zungusha fimbo hewani mara mbili. Ingia, tazama leso mara moja, toa pumzi, piga. Kila mpira, vile vile. Bodaboda ikipiga honi katikati, rudi nyuma uanze upya. Mipira 20 ya namna hii ina faida kuliko 200 ya kupiga ovyo ovyo, kwa sababu siku ya mashindano moyo ukidunda, mwili unafuata ulichozoea.

Mnadhani natunga? Seve Ballesteros alikuwa kedi kijijini Pedreña, Uhispania, akajifundisha ufukweni na chuma namba 3 cha zamani. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open pale Muthaiga, na 1979 akachukua The Open kule Uingereza. Mchanga hata sisi tunao, Shelly si hapo?

Klabu zinafaa kufungulia vijana wa bara milango, na nitazidi kupiga kelele. Lakini tukikaa kitako kungoja, tumejifungia nje mara mbili: getini na kichwani. Na siku geti likifunguliwa, utaingia na mkono gani?

Leo baada ya alasiri, mipira 20. Kisha niambie mingapi imegusa leso.