Mluzi wa Vibao Viwili: Majibu kwa Madai ya Vijiweni

Anayeunda mfumo wa spika nne au sita kwa vibao vidogo vya amplifaya vyenye aisii ya TPA3116D2 hununua viwili au vitatu, akavifunga kwenye pawa saplai moja. Wimbo ukiisha, kabla ya mwingine kuanza, mluzi mwembamba unachomoza kwenye spika. Hapo maelezo ya vijiweni huanza, na mengi yake hayana msingi.

Dai linalotangulia ni kwamba kibao kinakatakata umeme mara 400,000 kwa sekunde ilhali sikio la binadamu linakomea kilohezi 20, kwa hiyo mwendo huo haumhusu msikilizaji. Nusu ya maneno haya ni kweli. Amplifaya za daraja D huwasha na kuzima transista zake kwa kasi hiyo, kisha koili na kapasita zikachuja, spika ikabaki na muziki. Ila mluzi hauletwi na hizo kilohezi 400, unaletwa na tofauti kati ya vibao. Kibao kimoja kikienda kilohezi 400 na jirani yake 403, na vikavujishiana kupitia waya za umeme, ardhi au koili zilizokaribiana, huzaliwa sauti ya kilohezi 3, pale pale ambapo sikio ni kali zaidi. Umewahi kutazama taa za kona za magari mawili kwenye foleni? Zinawaka pamoja, zinaachana, zinakutana tena. Huko kukutana na kuachana ndiko unakokusikia.

Muuzaji naye atakuambia uchukue vibao vya boksi moja, kwa kuwa ni pacha na vitakwenda sawa. Havitakwenda. Kila aisii ina mpigo wake wa ndani, usiotegemea kioo cha kwazi, na mpigo huo hutofautiana kidogo tangu kiwandani, kisha huhama kadiri aisii inavyopata moto. Jaribu mwenyewe: zima muziki, acha vibao viwili vikiwaka, kisha peleka hewa ya moto kwenye aisii moja. Mluzi utapanda au kushuka taratibu. Ukizima kibao kimoja, unatoweka. Na kusema kweli, hao pacha ndio wabaya zaidi, maana tofauti yao ni ndogo mno na inaangukia ndani ya masafa ya kusikika. Mwenye vibao viwili tu anaweza kuvitenganisha makusudi, kimoja kilohezi 400 na kingine 500, kwa miguu ya 13 hadi 15 inayochagua mwendo. Tofauti ya kilohezi 100 haimsumbui mtu. Vikiwa vinne au vitano, njia hiyo inakuwa finyu.

Basi unganisha SYNC kwa SYNC, wanasema, kazi imekwisha. Hili ndilo dai linaloharibu kazi nyingi, kwa sababu liko karibu sana na ukweli. Mguu wa 16, SYNC, hutoa mapigo aisii ikiwa kiongozi, na hupokea mapigo ikiwa mfuasi. Vibao vinavyotoka dukani vimepangwa kila kimoja kuwa kiongozi. Ukivifunga waya bila kubadili kitu, unakutanisha matoleo mawili yanayosukumana. Mguu wa 8 ndio unaoamua cheo, pamoja na ukuzaji wa sauti, kwa rezista zake. Rezista ya kilohomu 5.6 kwenda ardhini peke yake huifanya aisii kiongozi wa desibeli 20. Kilohomu 51 kwenda GVDD (mguu wa umeme unaotolewa na aisii yenyewe) na 51 nyingine kwenda ardhini huifanya mfuasi wa desibeli hizo hizo 20. Aisii husoma volti ya mguu huo inapowashwa tu, kwa hiyo anayebadilisha rezista umeme ukiwaka atangoja bure.

Kisha kuna waya wenyewe. Mapigo ya kilohezi 400 yenye kingo kali, yakipitishwa kwenye waya mrefu ulioachwa ukining'inia, huugeuza antena. Uwe mfupi, usokotwe na waya wa ardhi unaotoka kibao hadi kibao, na rezista ndogo ya makumi ya omu iwekwe upande wa kiongozi. Bila ardhi ya pamoja, mfuasi hana kipimo cha kuyasomea mapigo. Na kulehemu waya kwenye mguu wa aisii ambayo miguu yake imeachana kwa milimita 0.65 si kazi ya chuma cha kuchomea masufuria.

Wapo pia wanaoamini kwamba vibao vikishapiga hatua pamoja, unaweza kuunganisha matokeo yake kwenye spika moja upate wati maradufu. Usithubutu. Kulinganisha mapigo hakuongezi hata wati moja. Aisii hii ina njia yake ya kuunganisha pande zake mbili yenyewe: badala ya wati 50 mara mbili kwenye spika za omu 4, hutoa wati 100 kwenye omu 2, kwa volti 21. Jambo hilo hufanyika ndani ya aisii moja, kwa mpangilio uliowekwa kabla ya kuiwasha. Matokeo ya vibao viwili tofauti yakikutana, kinachofuata ni moshi.

Mngurumo mzito wa hezi 50 nao SYNC haiugusi. Huo ni mzunguko wa ardhi au pawa saplai mbovu, utafute huko.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kigeuze kibao ukitazame. Kama SYNC haikutolewa tundu wala pini pembeni, na unahitaji zaidi ya viwili, kirudishe mezani uulize kingine.