Famasia Muhimbili Yatimiza Nusu Karne: Rungwe Inapongeza, na Inadai

Mwaka 1974, reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha shahada ya famasia katika Kitivo chake cha Tiba, Muhimbili. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka kuwa mfamasia mwenye shahada alilazimika kusomea nje ya nchi. Mwaka 2024 masomo hayo yalitimiza miaka 50. Katika miaka hiyo Muhimbili ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, kisha mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Famasia nayo ilikua hadi kuwa shule kuu inayojitegemea, ikitoa shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu.

Tunaipongeza kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, karibu kilomita 900 kutoka madarasa yake. Pongezi hizi si za adabu tu. Anayepanga foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali ya Makandana, Igogwe au Itete anafaidi kazi ya wahitimu wa Muhimbili hata kama hajawahi kukutana nao. Klorokwini iliposhindwa na malaria, nchi ilihamia SP (salfadoksini na pirimethamini) mwaka 2001, kisha dawa mseto mwaka 2006. Mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji watu wanaojua kupima dawa, kuipangia dozi na kuifikisha zahanati kwa wakati. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA na leo TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu. Sifa hiyo isingepatikana bila wafamasia waliosomeshwa hapahapa nyumbani.

Wapo wanaouliza: mfamasia mwenye shahada ya kwanza anajua kazi yake, uzamili ni wa nini? Jibu letu ni kwamba shahada ya kwanza humfundisha dawa ni nini na itolewe vipi. Ya pili humfundisha kuchunguza kwa nini dawa iliyofanya vizuri kwingine imesuasua hapa. Muhimbili ina uzamili wa famasia ya hospitali na kliniki, famasia ya viwandani, udhibiti na uhakiki wa ubora, na usimamizi wa dawa. Kila fani kati ya hizo ina kazi inayoisubiri Rungwe.

Tuanze na ubora. Huku hatuna joto la Dar es Salaam, lakini mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu hauchagui chumba cha kulala wala stoo ya dawa. Aspirini ikinyonya unyevu huvunjika na kuanza kunuka siki. Amoksilini yenye klavulaneti huharibika kwa urahisi zaidi ya hapo. Kidonge kilichotoka kiwandani kizima, kikapita Bohari ya Dawa kizima, kina hali gani baada ya kukaa miezi kadhaa kwenye kopo linalofunguliwa kila siku Mwakaleli? Swali hilo linajibiwa kwa sampuli, maabara na mwanafunzi wa uzamili mwenye subira.

Twende kwenye usubi. Ugonjwa huu wa minyoo na muwasho huenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, nasi tunayo Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeufuatilia kwa miaka mingi. Dawa yake ni ivermektini, ambayo wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kijijini mgawa dawa hahitaji mizani: humsimamisha mtu kando ya kijiti chenye alama, na urefu ndio unaoamua idadi ya vidonge. Wajawazito na watoto wadogo hurukwa. Dawa hiyo huua minyoo michanga lakini haiui ile mikubwa, inayoweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10, ndiyo maana humezwa mwaka baada ya mwaka. Je, mtu asiyewashwa tena utamshawishije aendelee kumeza? Hiyo ni tasnifu, na haiwezi kuandikwa bila kukanyaga tope la Busokelo.

Kuna pia duka la dawa muhimu, ambalo kwa wengi vijijini ndilo hospitali ya kwanza. Nani ananunua antibiotiki nusu dozi, na kwa nini? Mama anayechanganya dawa ya unga ya mtoto nyumbani anatumia maji kiasi gani? Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaanzia hapo, kabla mgonjwa hajafika kwa daktari.

Tatizo ni kwamba shahada ya uzamili mara nyingi imekuwa tiketi ya kwenda na kutorudi. Aliyeipata huitwa na ofisi, viwanda, miradi na vyuo vya mijini. Hatumlaumu, kwa kuwa kila mtu hufuata penye kazi inayolingana na elimu yake na mshahara unaolingana na kazi. Lawama ni yetu sote tuliozoea kuiona wilaya kuwa mahali pa kuanzia kazi, si pa kufikia upeo wake.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Halmashauri za Rungwe na Busokelo ziwasomeshe wafamasia wao kwa mkataba wa kurudi, na zikiwapokea ziwape kazi ya elimu waliyoisomea, wasirudishwe kuhesabu makopo. Muhimbili nayo ipange wanafunzi wake wa uzamili wafanyie utafiti huku, kwa kushirikiana na NIMR Tukuyu, kisha matokeo yasomwe kwanza kwa watu wa Rungwe kabla ya kufungiwa kwenye jalada la maktaba.

Hongera Muhimbili kwa miaka 50. Maswali tunayo tele, na baridi yetu huzoeleka. Leteni wanafunzi.