Nani Aliyeuita Ugonjwa Mdogo?

Wanafunzi huniuliza ni wakati gani suala la afya hugeuka kuwa suala la siasa. Huwarejesha Afrika Kusini ya mwaka 2000, kwenye maradhi ambayo wengi hutaja kwa haya: fangasi wa kinywa.

Kandida ni kuvu wa jamii ya hamira, na huishi vinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Kinga ya mwili ikidhoofika, iwe kwa VVU au kwa matibabu ya saratani, huzaliana na kutandaza utando mweupe juu ya ulimi. Wakishuka hadi kwenye umio, hata kumeza mate huwa adhabu, na mgonjwa hushinda na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Shirika la Afya Duniani huyaweka maradhi hayo ya umio katika hatua ya nne ya VVU, yaani ya mwisho.

Dawa ilikuwapo: flukonazoli. Hataza yake ilishikwa na Pfizer. Christopher Moraka, mwanaharakati wa Treatment Action Campaign, alifariki Julai 2000 akiwa na fangasi hao, bila uwezo wa kuinunua. Oktoba, mwenzake Zackie Achmat alirudi kutoka Thailand na maelfu ya vidonge vya flukonazoli iliyotengenezwa huko, akatangaza hadharani kwamba ameivunja sheria. Kila kimoja kiligharimu chini ya randi 2. Katika maduka binafsi ya dawa nchini mwake, cha Pfizer kiliuzwa kwa makumi ya randi.

Lakini linalonikera zaidi si bei. Pfizer ilipoahidi mwaka huohuo kuitoa dawa bure, ahadi ya kwanza ilihusu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu mwingine, basi. Wenye fangasi wa umio walijumuishwa baadaye. Kidonge ni kilekile. Kilichobadilika ni orodha ya wanaostahili, nayo iliandikwa na mtoaji. Sina ugomvi na hisani (nani hajawahi kuipokea?), ila hisani haiwezi kuwa sera, kwa kuwa anayetoa ndiye anayechagua ugonjwa wa kuuonea huruma.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mjadala wetu uliishia kwenye dawa za kufubaza VVU. Ni haki kuzitanguliza. Hata hivyo, asiyeweza kumeza atazimezaje?

Flukonazoli leo haina hataza ya kutukwamisha. Kwa hiyo ninamwomba mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa afungue leja ya zahanati moja tu iliyo chini yake, ahesabu: mwaka jana, flukonazoli na nistatini ya matone zilikosekana rafuni kwa siku ngapi, na nani aliulizwa?