Unasema mvinyo ni wa Italia. Sawa, lakini ni wa nani?

Siku hizi ukialikwa sherehe ya kuzaliwa Kilimani au Nyali hukosi kukuta chupa ya mvinyo mezani, na aliyeileta hakosi kutangaza, "Hii ni ya Italia." Sasa muulize ni ya nani huko Italia. Kimya. Aliona bendera ya rangi tatu kwenye lebo, akaona jina linaloishia na 'o', basi akatoa ngiri mbili zake akaondoka supamaketi akijiona wa kimataifa.

Mimi naona hapo ndipo tunapopigwa. Italia si jina la mvinyo. Ni nchi yenye mamia ya aina za zabibu na maelfu ya familia zinazozikamua, na kama ilivyo kwa wagema wetu wa Pwani, wamo waaminifu na wamo wanaolitia tembo maji wakishasifiwa. Tena huko kuna wakati walitia kitu kibaya kuliko maji.

Machi 1986, watu walianza kufa kaskazini mwa Italia baada ya kunywa mvinyo wa bei ya chini. Wengine walipofuka. Mwishowe waliofariki walikuwa zaidi ya 20. Uchunguzi ulielekea Narzole, mji mdogo wa jimbo la Piemonte, mwendo mfupi kwa gari kutoka kijiji maarufu cha Barolo. Mvinyo hafifu ulikuwa umeongezwa methanoli ili kiwango cha kileo kipande bila gharama. Methanoli ilikuwa rahisi kuliko zabibu. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

Unaisikia kama habari ya hapa nyumbani, sivyo? Mwaka wa 2000 methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, mitaa ya Mukuru ikiumia zaidi. Ikarudi 2014 katika kaunti kadhaa. Na Februari 2024 familia za Kirinyaga zilizika wapendwa wao baada ya kunywa pombe yenye sumu. Kila mara tunaona misako, mitungi inamwagwa mbele ya kamera, chifu anapewa onyo, kisha tunasahau hadi msiba mwingine.

Waitaliano nao walifanya misako na watu walifungwa. Lakini pigo lililowauma zaidi lilikuwa sokoni. Mauzo ya nje yaliporomoka, na aliyeumia si mchanganyaji sumu peke yake, ni hata mzee aliyekuwa akikamua zabibu zake kwa uaminifu miaka 40. Mzee huyo alielewa jambo moja: kama mnunuzi hajui jina langu, basi jina langu ni la yule mhalifu. Ndipo wengi waliokuwa wakiuza mvinyo kwa mapipa wakaanza kujaza chupa wenyewe na kuandika lebo kwa majina yao. Sheria nayo ikakazwa. Leo mvinyo wowote wa daraja la DOCG, ambalo ndilo la juu kabisa, hubandikwa ukanda wa serikali wenye nambari yake kwenye shingo ya chupa. Ni kama stempu yetu ya ushuru, ile unayoweza kuikagua kwa programu ya KRA ya Soma Label. (Umewahi kuikagua hata siku moja? Nilifikiri hivyo.)

Kuna kijiji kimoja huko Piemonte ambacho ningependa kila kijana mwenye shamba la babu akijue. Kinaitwa Barbaresco. Miaka ya hamsini wakulima wadogo wa hapo walikuwa wakiuza zabibu kwa wafanyabiashara, kwa bei ambayo mnunuzi ameamka nayo. Mashamba yalikuwa vipande vidogo, vijana wanahamia Torino kutafuta kazi viwandani. Mwaka wa 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, akawakusanya wakulima 19 wakaanzisha ushirika, Produttori del Barbaresco. Mavuno ya miaka mitatu ya kwanza waliyatengenezea chini ya kanisa, ndio, chini ya kanisa kabisa, kabla ya kujenga kiwanda chao ng'ambo ya uwanja.

Ushirika huo bado upo, sasa ukiwa na familia zipatazo 50. Wanatumia aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo. Mwaka ukiwa mzuri wanajaza kando mvinyo wa mashamba tisa tofauti, kila shamba kwa jina lake: Asili, Rabajà, Ovello, Montestefano na mengineyo. Mtu wa Tokyo akinywa anajua mteremko ambao zabibu zilichumwa.

Linganisha na kahawa yetu. Nyanyako kule Nyeri anapalilia, anachuma, anapeleka kiwandani, anangoja malipo hadi anachoka kuuliza. Kahawa ikifika Ulaya mara nyingi inaitwa Kenya AA. AA ni ukubwa wa punje, jamani. Si jina la kijiji wala la mtu. Ushirika tunao tangu zamani, kwa hivyo tusiseme hatukujua kuungana. Wale 19 walikataa kuuza kitu kibichi na kumwachia mwingine lebo, na hapo ndipo tulipoachana nao njia. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo la Barbaresco, kuliko harufu za waridi na lami ambazo wataalamu husifu wakiwa wamefumba macho.

Usidhani lakini kwamba wazee hao ni malaika wanaoelewana. Mwaka wa 1983, kijana mmoja wa Barolo, Elio Altare, alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya zamani ya babake. Alikuwa amezuru Ufaransa, akaona wenzake wanatumia mapipa madogo mapya ya mwaloni na wanatajirika, ilhali nyumbani mvinyo hauuziki. Babake alimnyima urithi na akafa hawajapatana. Upande wa pili alikuwapo Bartolo Mascarello, mzee aliyechora lebo zake kwa mkono na kukataa katakata mapipa hayo madogo. Kwenye lebo moja mashuhuri aliyapinga pamoja na mwanasiasa Silvio Berlusconi, wote kwa pumzi moja. Mascarello alifariki 2005, na binti yake Maria Teresa anaendelea kwa njia ile ile: zabibu za mashamba kadhaa zikichanganywa, mapipa makubwa, subira.

Nani alikuwa sahihi? Ningekuwa kijana pale 1983, pengine ningeshika msumeno pia. Njaa haina heshima kwa pipa. Lakini ukiniuliza leo ninunue wa nani, nitakwambia wa Mascarello, endapo mfuko ungeruhusu, na haitaruhusu. Mapipa mapya huupa mvinyo ladha ya mbao na vanila, na ladha hiyo unaweza kuipata popote duniani. Ile ya zabibu za kilima kile huipati kwingine.

Wazee wa aina hii hawako Piemonte pekee. Kule Abruzzo, Emidio Pepe alianza mwaka wa 1964, na hadi leo familia yake hukanyaga zabibu nyeupe kwa miguu na kuutunza mvinyo ndani ya chupa kwa miaka mingi kabla ya kuuza. Wajukuu wa kike ndio wanaoshika usukani sasa. Zabibu yake nyekundu inaitwa Montepulciano, na usichanganye na mji wa Montepulciano ulio Toscana, ambao mvinyo wake hutokana hasa na Sangiovese. Waitaliano wenyewe huchanganyikiwa, wewe usione haya. Na Sicilia yuko Arianna Occhipinti, aliyezaliwa 1982. Alianza na hekta moja tu, na mavuno yake ya kwanza aliyatoa 2004. Mvinyo wake mmoja aliuita SP68, kwa jina la barabara inayopita karibu na shamba. Hebu fikiria kijana wa Machakos aite kinywaji chake kwa jina la barabara ya kwao.

Sasa tuje kwenye rafu ya duka. Kama umetimiza miaka 18 na umezoea mvinyo mtamu, usikimbilie Barolo. Ule ukakasi wake ni wa kung'ata ndizi mbichi, na kisheria hautoki kabla ya miezi 38, kumi na minane kati ya hiyo ikiwa ndani ya mbao. Utautema ulaani pesa zako. Anza na Moscato d'Asti, tamu, wenye povu kidogo, na kileo chake ni kama asilimia tano. Ukitaka chakula nao, nyama choma yenye mafuta inapatana vizuri sana na Chianti Classico, yule mwenye nembo ya jogoo mweusi. Na wale mnaodhani Lambrusco lazima iwe tamu kama soda, jueni kwamba nyumbani kwake, Emilia, nyingi ya ile nzuri ni kavu.

Kisha geuza chupa. Hapo nyuma ndipo ukweli ulipo. Tafuta maneno "imbottigliato all'origine", maana yake mvinyo umejazwa kwenye chupa kulekule ulikotengenezwa. Ukikuta jina la kampuni ya kujaza chupa tu, au msimbo wa herufi na tarakimu bila jina la mtu, umeshika mvinyo wa mapipa yaliyonunuliwa huku na kule. Huenda usikudhuru. Lakini usilipe bei ya jina kwa kitu kisicho na jina.

Ukiwa Malindi kazi ni rahisi zaidi. Waitaliano wamejaa kule na vijana wa mji wanaongea Kiitaliano kuliko wewe unavyoongea Kiingereza. Uliza mhudumu, "Huyu mkulima ni nani?" Atakucheka kwanza, halafu ataita mwenye mkahawa, na huyo mwenye mkahawa akianza kusimulia, agiza chakula kabisa, maana hamtamaliza kabla ya magharibi.